Mwalimu, Nauliza: Je, tunapiga kura kwa rangi na jinsia?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi seremala hapa Kihonda, Morogoro. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi. Rafiki yangu anadai Mtanzania akiingia kupiga kura anaangalia mambo mawili tu: mgombea ni mweusi mwenzetu, na ni mwanaume. Anasema hata Mama Samia asingefika Ikulu kama Magufuli asingefariki, na wanawake wamejaa bungeni kwa viti maalum kwa sababu majimboni hatuwataki. Mimi nabisha, ila hoja zinaniishia. Naomba utuamue.

Msomaji, Kihonda

JIBU

Marahaba mwanangu, na salamu kwa wote hapo kijiweni.

Rafiki yako usimdharau, maana ana ushahidi mkononi. Uchaguzi wa 2015 ulikuwa na majimbo 264, Bara na Visiwani, na wanawake walioshinda majimboni hawakufika 30. Wengine 113 waliingia kwa viti maalum. Na ni kweli Mama Samia alipigiwa kura akiwa mgombea mwenza, 2015 na 2020, akaapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya kifo cha Rais Magufuli.

Ninachokataa ni kumtwisha mpiga kura mzigo wote. Nimefundisha uraia mpaka nikastaafu, na chaguzi kadhaa nimekaa kituoni nikizisimamia, na ninaloliamini ni hili: kazi kubwa ya kuwachambua watu kwa jinsia na rangi hufanyika kabla karatasi ya kura haijachapwa. Mpiga kura huletewa majina yaliyobaki, kisha akishachagua analaumiwa kwa yale ambayo hayakumfikia.

Nianze na rangi, kwa sababu mji wenu una habari yake ambayo vijana wengi hawajasimuliwa.

Mwaka 1958 serikali ya Gavana Twining ilileta utaratibu ulioitwa kura tatu. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Muasia na cha Mzungu. Waafrika walikuwa karibu nchi nzima, lakini idadi ya viti ilikuwa sawa kwa kila kundi. Tena mpiga kura alilazimika kuchagua mmoja katika kila kundi. Ukiacha kundi moja wazi, karatasi yako yote imeharibika. Hata kama hukutaka kuangalia rangi, sheria ilikushika shingo uiangalie.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Uluguru. Sheria ilitaka mpiga kura awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa na serikali. Jina la baba likaingia kwenye daftari. La mama halikuingia. Mama alilima, akauza sokoni, akalisha nyumba iliyojaa watoto na wageni, ila darasa la nane hakuliona, wala pauni 150 hakuwahi kuzishika. Hakuna kifungu kilichosema mwanamke asipige kura. Hakikuhitajika.

Ndani ya TANU wengi walitaka chama kisusie uchaguzi huo wa kibaguzi. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuafiki, akajitoa na kuanzisha chama chake cha Kongresi. TANU ikabaki na kazi ngumu: wakati huo ilikuwa haijaanza kupokea mwanachama asiye Mwafrika, na sasa ilibidi iwaambie watu wake wamchague Muasia na Mzungu. Baba alitusimulia jinsi katibu wa tawi alivyopita nyumba kwa nyumba jioni, akiwataka wataje majina matatu kwa mpangilio, na ukikosea unarudia mbele ya wanao.

Matokeo yake? Wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walikifagia chama cha UTP kilichopendelewa na serikali. Jimbo la Kaskazini lilimpeleka barazani Sophia Mustafa, mwanamke wa Kiasia. Jimbo la Mashariki, ambamo Morogoro ilikuwemo, Mwalimu Nyerere alisimama dhidi ya Patrick Kunambi, Mluguru, tena mmoja wa waasisi wa TANU ya 1954. Baba yangu Mluguru, kura akampa Mzanaki kutoka Musoma. Nilipomuuliza ukubwani kwa nini, alinijibu kwamba alikuwa anachagua uhuru, na uhuru haukuwa na ukoo.

Miaka ikaenda. Morogoro ikampata Amir Jamal, Muasia mzaliwa wa Mwanza, akawa mbunge wake kwa muda mrefu, huku akishika Wizara ya Fedha kwa vipindi tofauti. Waulize wazee wa hapo mjini. Hawatakwambia habari za nywele zake. Watakwambia alikuwa anasikiliza na mikono yake ilikuwa safi.

Uchaguzi wa 1965 ndio nilioupenda kuufundisha kuliko mingine. Chama kilikuwa kimoja, lakini karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja amepewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Kanuni zilimkataza mgombea kuomba kura kwa kabila, rangi au dini, na kampeni zilitakiwa ziendeshwe kwa Kiswahili. Derek Bryceson, Mzungu, rubani wa vita aliyejeruhiwa akawa anatembea kwa mkongojo, alisimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika. Akashinda kwa kura nyingi sana. Mwaka ule ule Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa. Bibi Titi Mohamed, sauti iliyowakusanya akina mama wa Dar es Salaam wakaijaza TANU, naye akaangushwa Rufiji.

Najua rafiki yako atalikamata hilo la Bibi Titi. Mimi linaniuma mpaka leo, maana bila yeye na wale wauza vitumbua na wapika pombe aliowaandikisha, TANU ingechukua muda mrefu kuwa chama cha watu. Lakini Bomani alikuwa mwanaume, mtu mzito wa ushirika na pamba ya Usukumani, na alianguka vilevile. Mwaka ule watu waliwapunguza wakubwa walioonekana kukaa sana mjini. Huwezi kuchukua anguko la Bibi Titi ukasema ni jinsia, halafu la Bomani ukalinyamazia.

Ukivuka bahari, hali ilikuwa tofauti, na nisipoisema nitakuwa nimekudanganya. Zanzibar ya miaka ile rangi na asili viliingia kwenye kura mpaka mfupani. Vyama vilijengwa juu ya mistari hiyo: ASP upande wa Waafrika na Washirazi wengi, ZNP ikisemwa chama cha Waarabu ingawa ilikuwa na wafuasi wa kila aina. Uchaguzi wa Juni 1961 uliishia kwenye ghasia zilizoua watu 68. Ule wa Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na miezi michache baadaye yakaja mapinduzi. Mvuvi wa Pemba na mkulima wa Morogoro hawakuwa watu wa maumbile tofauti. Tofauti ni swali waliloulizwa. Huku wakubwa waliwauliza: mnautaka uhuru? Kule waliwauliza: wewe ni nani?

Siku hizi za vyama vingi, Rostam Aziz aliiwakilisha Igunga tangu miaka ya tisini mpaka alipojiuzulu 2011. Mohammed Dewji aliiwakilisha Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015. Wote wana asili ya Asia, wote walipigiwa kura na wakulima na wafanyabiashara wadogo weusi. Lakini tusijipongeze upesi. Wote wawili walikuwa matajiri wakubwa. Mhindi fundi cherehani anayeishi vyumba viwili pale mjini kwenu, ambaye anaijua kero ya maji kuliko mbunge yeyote, nani amewahi kumletea fomu? Rangi ilisamehewa mfuko ulipokuwa mzito. Shika hapo, kwa sababu ndipo habari ya wanawake inapoingia.

Ukitaka kumnyamazisha rafiki yako, mpeleke Mara. Mkoa huo ndio unaotajwa wa kwanza kila watu wanapozungumzia mfumo dume. Mwaka 2015, Bunda Mjini, Ester Bulaya wa CHADEMA alimwangusha Stephen Wassira, mwanasiasa mkongwe na waziri wa miaka mingi. Tarime Mjini akashinda Esther Matiko. Mkoa wa wanaume huo, mwaka mmoja, wanawake wawili. Na kule Kawe, Dar es Salaam, Halima Mdee alishinda 2010 na akarudi 2015. Watatu hao wote waliwahi kuwa wabunge wa viti maalum kabla ya kwenda jimboni. Vyama viliwapa nafasi ya kuonekana, wananchi wakawaona, wakawachagua.

Hata urais. Mwaka 2015 kulikuwa na wagombea wanane na mwanamke mmoja, marehemu Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo. Alipata chini ya asilimia moja, na watu wakasema, unaona, hatumtaki mwanamke. Walisahau kuangalia orodha mpaka chini. Alikuwa wa tatu. Wanaume watano walikuwa nyuma yake, na hakuna aliyesema Watanzania hawawataki wanaume. Kilichomwangusha yeye na hao watano ni kimoja: vyama vidogo mbele ya Magufuli na Lowassa.

Nikusimulie niliyoyaona kwa macho. Siku moja ya uchaguzi niko kituoni, kijiji fulani cha Mvomero, akaja mzee mmoja amevaa kanzu na koti. Tukakagua kadi yake, tukampa karatasi zake, akaelekea kwenye kituturi. Hakukaa hata kidogo akatokeza kichwa juu ya ule ubao na kuuliza kwa sauti, kituo kizima kinasikia, "Mama, alama ya chama changu mbona siioni?" Mawakala wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni siri yako, angalia taratibu, alama zote zipo." Akainama tena, kidole kinashuka kwenye karatasi, kinapita picha, kinapita majina, mpaka kilipoigusa alama. Akatia vema, akakunja, akaja kutumbukiza kwenye sanduku ameridhika. Mgombea ubunge wa chama hicho alikuwa mwanamke. Picha yake ilikuwa pale pale kando ya alama, amejifunga kilemba, na kidole cha mzee kiliipita bila kusimama.

Wazee wa namna hiyo ni wengi kuliko tunavyokubali, na vijana pia. Mtu ana chama chake kama alivyo na timu yake. Chama kikimweka mwanamke kwenye jimbo ambalo kina nguvu, mwanamke atashinda. Basi swali linahama kwa mpiga kura linakwenda kwa wanaoweka.

Na hapo ndipo pagumu. Kura za maoni, ambazo wajumbe wa chama humpigia mwanachama wanayemtaka awe mgombea, ndizo chekeche. Mwaka 2020 ulizaliwa msemo kwamba wajumbe si watu wazuri, nchi nzima ikacheka, lakini wanawake waliopita mikononi mwa wajumbe hawakuwa na cha kuchekea. Wajumbe wa jimbo mwaka ule walikuwa mamia ya watu. Unatakiwa uwafikie, uwape nauli, uwape chai, uwape soda, na soda wakati mwingine si soda. Kulikuwa na sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu ikaitengua 2006 kwa sababu inakiuka Katiba. Jina liliondoka, mkono haukuondoka. Mwanaume huuza gari au shamba la urithi akaingia kwenye kinyang'anyiro. Mwanamke shamba la urithi hakupewa, na hati ya nyumba ina jina la mume.

Jirani yangu mmoja, mama aliyekuwa akiendesha kikundi cha kuweka na kukopa, alitaka udiwani kupitia chama chake. Kata nzima inamjua. Ndiye aliyepigana zahanati ikapata mkunga. Vikao vya kupanga safu vilikuwa vinaanza saa tatu usiku nyuma ya baa moja, makusudi kabisa. Akienda, kesho yake kijiji kinasema ameonekana baa usiku na wanaume. Asipoenda, anasikia jina limeshapangwa. Alikwenda na kaka yake mara ya kwanza. Mara ya pili kaka alikuwa safarini, mmoja wa wakubwa akamwambia waziwazi kwamba anaweza kumsaidia, ila wakae pembeni wazungumze wawili. Alirudi nyumbani akilia, akaja kwangu, akakaa jikoni mpaka usiku wa manane. Fomu hakuirudisha. Siku ya uchaguzi kata yetu ilikuwa na wanaume watupu kwenye karatasi, na mtu angepita pale angeandika kwamba watu wa kata hii hawachagui wanawake.

Jumlisha hayo nchi nzima ndipo utaelewa kwa nini mwaka 2015 wanawake hawakufika robo ya wagombea wote wa ubunge, na wengi wao walikuwa wa vyama visivyo na uwezo wa kushinda popote.

Viti maalum vililetwa kuziba pengo hilo. Vilianza 15 mwaka 1985, na sasa Katiba inataka visipungue asilimia 30. Mimi niliviunga mkono na ningeviunga tena, kwa sababu bunge la wanaume watupu lisingezungumzia pedi za wasichana shuleni wala ndoa za utotoni. Lakini vina kasoro mbili ambazo hatuzisemi vya kutosha. Mbunge wa viti maalum hana mfuko wa jimbo, na kwa Ibara ya 51 ya Katiba hawezi kuteuliwa Waziri Mkuu, kwa kuwa Waziri Mkuu lazima atoke jimboni. Tena vimewapa wanaume jibu jepesi. Mwanamke akichukua fomu ya jimbo anaambiwa, "Si mna viti vyenu?" Nimesikia jibu hilo likitolewa na makatibu, wachungaji, masheikhe, hata na wanawake wenzetu.

Uchaguzi wa Oktoba 2025 sitautumia kama kipimo upande wowote. CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi, mgombea urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa, na yaliyofuata tarehe 29 na siku za mbele yake yameacha misiba majumbani. Kura isiyokuwa na washindani wakubwa haiwezi kutuambia kama Watanzania wanamkubali au wanamkataa mwanamke, na yeyote anayedai imemwambia, ajiulize kwanza nani mwingine mwenye nguvu alikuwepo.

Mpe rafiki yako kazi hii. Aende kwenye tawi la chama chake, aombe kuona majina ya waliochukua fomu za udiwani kwenye kata yenu, waliorudisha, na walioteuliwa. Ahesabu wanawake katika kila hatua. Kisha arudi kijiweni na karatasi hiyo, ubishi uendelee hapo.

SWALI

Mwalimu, nipo Ohio, Marekani, mwaka wa kumi na zaidi sasa. Huku watu wetu wamekata tamaa tangu Kamala Harris ashindwe na Trump 2024. Wanasema Wamarekani wazungu hawatamchagua kamwe mtu mweusi, wala mwanamke. Wewe unaonaje?

Msomaji, Columbus

JIBU

Ninaona mmesahau upesi. Mwaka 2008 Barack Obama, mtoto wa Mjaluo wa Kogelo, alipata takriban asilimia 43 ya kura za wazungu kwa hesabu za waliohojiwa wakitoka vituoni. John Kerry, mzungu, miaka minne kabla alikuwa amepata 41. Na Hillary Clinton mwaka 2016 aliongoza kwa karibu kura milioni tatu nchi nzima. Kilichomnyima Ikulu ni utaratibu wenu wa wajumbe wa majimbo.

Hiyo haimaanishi ubaguzi haupo. Wapo wasiompa kura mweusi hata wakikatwa vidole, na wapo weusi waliotoka vitandani kwa sababu tu ya Obama. Lakini wengi wa makundi yote mawili walikuwa na chama chao tangu zamani. Kamala aliingia kwenye kinyang'anyiro mwishoni mwa Julai baada ya Biden kujitoa, bei za vyakula zimepanda, na serikali aliyokuwemo ndiyo iliyolaumiwa. Mgombea yeyote aliyepewa miezi mitatu na mzigo huo angehema.

Wafundisheni watoto wenu wajiandikishe kupiga kura. Nasikia wengi mliopata uraia huko hamjafanya hivyo bado.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34, nina duka la pembejeo na watoto wawili. Nataka kugombea udiwani wa kata uchaguzi ujao. Mume wangu si mbaya, lakini anasema niombe viti maalum, huko ndiko kwa wanawake na hakuna matusi. Mama mkwe ameongeza kwamba nikisimama kwenye kata nitaulizwa mimi ni wa wapi, maana nimeolewa hapa. Nifanyeje?

Msomaji, Kilosa

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma kwa furaha.

Matusi viti maalum yapo pia, tena mengine makali zaidi kwa kuwa mnagombana wanawake kwa wanawake kwenye ukumbi mmoja. Mumeo mweleze hilo kwa upole. Na yeye ndiye atakayekuwa ngao yako ya kwanza, kwa hiyo usimwache nyuma. Nenda naye kwenye mikutano ya kwanza. Watu wakimwona amekaa pale, nusu ya maneno yanakosa pa kutokea.

Hilo la "wa wapi" mama mkwe hajakosea kulitabiri. Mwanaume akihamia kijiji anaitwa mwenyeji baada ya kujenga. Mwanamke aliyeolewa anaambiwa kwao ni kule alikozaliwa, na akirudi kugombea alikozaliwa anaambiwa kwake ni kule alikoolewa. Jibu lake usilitafute jukwaani. Litafute sasa: nani alimzika jirani yake na wewe ukiwepo, nani alikopa mbegu kwako akakulipa baada ya mavuno, mtoto wa nani anasoma na wako. Duka la pembejeo linakukutanisha na kila mkulima wa kata. Wakati wa kupima mbolea, uliza habari za mfereji na barabara, na uandike majibu kwenye daftari. Ukisimama kuomba kura utakuwa unataja vitongoji kwa kero zake, na atakayekuuliza wa wapi ataonekana yeye ndiye mgeni.

Kuhusu chama, jambo la kwanza ni kadi. Hakikisha umeilipia na jina lako lipo kwenye kitabu cha tawi, si kwenye simu ya katibu. Hudhuria vikao vya shina na tawi kuanzia mwaka huu, hata vile vya kuchosha, kwa sababu wajumbe watakaokupigia kura za maoni wengi ni watu wa vikao hivyo. Tafuta wanawake watatu au wanne wa kata yako wanaoaminika, mwende pamoja kwenye kila kikao cha usiku, na mrudi pamoja. Ukiitwa pembeni na mkubwa yeyote, nenda na mmoja wao. Akisema jambo la kukudhalilisha, liandike siku hiyo hiyo, tarehe na mahali, na mpelekee anayehusika na rushwa wilayani. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai.

Bajeti yako isiguse mtaji wa duka. Tenga fedha za mafuta ya pikipiki na za chakula cha mawakala wako siku ya kura, maana wakala mwenye njaa huondoka kabla ya kuhesabu. Fomu ya matokeo ya kila kituo ikitiwa saini, wakala wako achukue nakala yake palepale kabla sanduku halijaondoka.